Uzi wa Tatu, Chuma cha Saba

Jua lilikuwa limeshalegea nilipomfunga Kathure mgongoni kwa leso, nikamwambia mume wangu nafika mtaa wa Waberi mara moja, ugali nimefunika, nikirudi nitakaanga sukuma. Mwenda alikuwa anasahihisha madaftari ya kidato cha pili, kalamu nyekundu mkononi, hata kichwa hakuinua. "Beba tochi," alisema. Nikabeba tochi. Nayaeleza haya ili mjue safari yenyewe haikuwa na ajabu yoyote. Sikuwa naenda kwa mganga. Sikuwa naenda kwa mume wa mtu. Nilikuwa naenda kutazama gitaa.

Kathure alikuwa na miezi minane. Hilo mlishike.

Watu wakisikia mwanamke na gitaa la besi hucheka, kwa hiyo wacha niwaeleze upesi. Mjomba wangu kule Kitui alikuwa na bendi, mpiga besi wake akawa mlevi, siku za harusi anapatikana amelala mtaroni, basi mjomba akanifundisha mimi, mpwa wake wa darasa la saba, kwa sababu nilikuwa karibu na sikuwa nakunywa. Kufikia kidato cha nne vidole vyangu vilikuwa na sugu kama vya mchimba visima. Kisha nikaolewa, Mwenda akaletwa Garissa kufundisha, nikamfuata na sanduku moja, na kwa miaka miwili sikugusa uzi. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda na gitaa moja la kawaida. Besi hakuna. Kwaya ikaamua itafutwe, na kiongozi wetu Gitau, yule mwenye duka la mabati na misumari, akatangaza kwamba yeye ndiye atakayeikagua na yeye ndiye atakayeipiga.

"Wewe dada Kasyoka shika kayamba," aliniambia mbele ya watu. "Besi ni kazi ya kifua."

"Kifua ninacho," nikamjibu. "Kuna mtu anakula hapa kila siku."

Kwaya ilicheka hadi mchungaji akakohoa. Lakini niliumia. Nikasema moyoni, nitaifikia kwanza mimi, nitaikagua mimi, na atakayeileta ndiye atakayeipiga. Tuone.

Aliyenielekeza ni Salah, fundi wa redio pale sokoni, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na misumari mdomoni.

"Mama Kathure, besi iko," aliniambia. "Mali safi, ya Mogadisho. Iko na mama mmoja Waberi, yeye naitwa Ilwad. Bwana yake alikuwa mbigaji mkubwa kule, alikufa Ifo, kambi ya wakimbizi. Lakini huyo mama ameweka sharti."

"Sharti gani?"

"Yeye nataka mnunuzi mwanaume. Mtu mzee. Mtu hana mtoto."

"Sasa mtoto ataifanya nini gitaa?"

"Mimi najua? Mimi natengeneza redio." Akapuliza vumbi kwenye redio ya mtu. "Wewe tuma Gitau, bana. Hiyo kitu enda nayo bole bole."

Gitau tena! Hapo ndipo nilipokosea, nakubali. Nilisikia neno "mwanaume" masikio yakajifunga, na lile la mtoto likapita zake nje kama upepo.

Basi nikaenda. Mbuzi walikuwa wanarudi mjini kwa vikundi, vumbi jekundu, na wale korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wameshatua juu ya miti ya mathenge, wamekaa kama wazee wa baraza. Adhana ya magharibi ilinikuta nikiingia Waberi. Vichochoro vikawa vitupu ghafla, wanaume wote msikitini. Nilikuwa nasikia ndala zangu tu kwenye mchanga. Na pumzi ya Kathure, pale kwenye uti wa mgongo wangu, moto, baridi, moto, baridi... Alikuwa amelala.

Nyumba ilikuwa ya mabati, mlango wa buluu. Nilibisha.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, jilbabu ya kahawia hadi chini, kibatari mkononi. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu saa kumi. Harufu ya uunsi ilitoka nyuma yake, nzito, ule uvumba wanaofukizia nguo.

"Mwanaume wako wapi?" akaniuliza, salamu hakuna.

"Nimekuja mimi. Ni kuhusu gitaa."

"Mimi nilimwambia Salah mwanaume."

"Mwanaume atasikia nini, mama, ambacho mimi sisikii?"

Akataka kufunga mlango. Nawaapia, alianza kuufunga. Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu, yakakuta kile kichwa kidogo kilichochungulia kwenye leso, yakabaki pale. Muda mrefu.

"Msichana?" akauliza polepole.

"Msichana."

Akafungua mlango wote.

"Ingia, abaayo," akasema. Dada. Ghafla nilikuwa dada.

Ndani mlikuwa na chumba kimoja, mkeka, cherehani, na pazia lenye maua lililokata chumba nusu. Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya mkeka, limefunikwa shuka, kama mgonjwa. Alipolifunua nilisahau yote. Halikuwa gitaa la kiwandani, hilo nililiona hata kabla sijaligusa. Pale kichwani ambapo huandikwa jina la kampuni hapakuwa na jina, palikuwa na kipande cha mfupa mweupe kilichochongwa umbo la jani. Mbao ilikuwa nyeusi yenye michirizi ya rangi ya asali. Ilwad akaniambia lilitengenezwa Italia na fundi mmoja mzee, anayefanya kazi peke yake, gitaa tatu au nne kwa mwaka, na kwamba mzee huyo alipima kwanza mkono wa Yahye kwa uzi kabla ya kukata mbao.

"Yahye ni bwana yangu," akasema. "Alikuwa anapiga hoteli kubwa, karibu na bahari. Watu walikuwa wanavaa suti."

Nikakaa kitako, nikalipakata. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nikaanza kazi jinsi mjomba alivyonifundisha, na katika kazi hiyo simwogopi mtu. Nilichungulia shingo kutoka kitakoni, jicho moja nimefunga, nyoofu kama rula. Nikabonyeza uzi mwanzoni na mwishoni, nikatazama katikati, nafasi ya kupita karatasi tu. Nikapitisha ukucha kwenye vyuma, vile vijiti vilivyolala kukata shingo. Vimelika kidogo, kawaida, mtu alifanya kazi hapa. Kisha nikalinusa. Ndiyo, gitaa hunuswa, mbao iliyolowa maji haiwezi kuficha uvundo wake.

Hili lilinuka maziwa.

Maziwa yaliyocheuliwa na mtoto. Nikadhani ni Kathure amenicheulia shingoni. Nikapapasa. Pakavu.

"Umeme hakuna, lakini si neno," nikamwambia. "Nitasikiliza mbao." Gitaa la umeme lisipounganishwa hunong'ona tu, ila ukiegemeza sikio kwenye ile pembe ya juu unalisikia lote, kama mtu aliyetia sikio kwenye tumbo la mjamzito.

Na sasa nieleze kitu kimoja, kwa sababu ndicho kilichotaka kuniua. Kila shingo ya besi ina mahali pake pa kufa. Chuma kimoja au viwili ambapo sauti huzima upesi kuliko kwingine. Huwezi kupaona. Ni lazima upige kila uzi, kila chuma, uhesabu kimoyomoyo hadi sauti izime, halafu ufunike nyuzi zote kwa kiganja, kimya kabisa, ndipo uende kwa chuma kinachofuata. Mvivu hafanyi hivyo. Gitau asingefanya hivyo, angepiga nyimbo mbili za kujionyesha na kuibeba. Mimi nilifanya.

Uzi wa kwanza. Tisa, kumi, tisa. Uzi wa pili. Kumi na moja, kumi. Ilwad alikuwa amechuchumaa mbele yangu, hanitazami mimi, anatazama bega langu.

"Tulitoka Mogadisho mwaka wa tisini na moja," akasema, sikumwuliza. "Kwa miguu. Yahye alibeba hii mgongoni. Mimi nilibeba Sahara."

"Sahara ni nani?"

"Msichana yangu."

"Sasa yuko wapi?"

Akasogeza kibatari. "Piga, abaayo. Wewe unapiga vizuri."

Uzi wa tatu. Chuma cha tano, kumi na moja. Cha sita, kumi.

Cha saba.

Sauti ikaja nene, tamu. Nikahesabu. Kumi. Kumi na tano. Nikatabasamu, nikajua nimepata mali. Ishirini. Ishirini na tano... Tabasamu likaanza kunikauka. Sauti haikuwa inapungua. Sauti yoyote hupungua, hiyo ndiyo sheria yake, uzi unachoka kama mtu. Huu haukuchoka. Thelathini. Thelathini na tano.

Nyuma ya pazia mtoto akakohoa.

Kikohozi kidogo, cha kifua chenye makamasi.

"Una mtoto humu?" nikauliza.

Ilwad alikuwa amefunga macho, machozi yanamtoka, na anacheka.

Nikaogopa, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. Ukafunika nyuzi. Kiganja chote, pap.

"La!" Ilwad akaruka. "Usishike! Usiikate!"

Nilikuwa nimeshaikata. Nyuzi zilikuwa zimetulia chini ya kiganja, nilizihisi, hazitikisiki hata moja. Na sauti ilikuwa bado inalia. Haikuwa tena ndani ya mbao. Ilikuwa kiganjani mwangu. Ikapanda kifundo cha mkono, kiwiko, kama ganzi ya mtu aliyelalia mkono, ikafika begani, ikavuka shingo, ikateremka mgongoni...

Ikatulia pale.

Na mgongo wangu ukawa mtulivu.

Mama yeyote aliyewahi kubeba anajua ninachosema. Ile moto, baridi, moto, baridi. Ilikuwa haipo.

Sijui leso niliifunguaje. Nilimleta Kathure mbele, kichwa kikaanguka kwenye mkono wangu. Macho yalikuwa wazi. Mdomo wazi. Alikuwa na joto lake lote, rangi yake yote, lakini kifua hakipandi. Nikamtikisa. Nikampiga makalio. Nikaanza "Baba yetu uliye mbinguni," nikasahau mbele yake. Nikaweka mdomo wangu kwenye mdomo na pua yake nikapuliza.

Sauti ikaongezeka.

Nilipuliza tena. Ikaongezeka tena, mabati yakatetemeka, na nyuma ya pazia mtoto akavuta pumzi ndefu, pumzi yangu ile ile, ya mtu aliyekuwa chini ya maji.

"Hooyo?" sauti ikaita. Mama?

"Haa, hooyo," Ilwad akajibu, analia. "Waan joogaa. Nipo hapa, nipo."

"Ilwad! Mtoto wangu hapumui!"

"Kidogo tu, abaayo." Alikuwa amenishika kifundo cha mkono, vidole kama koleo. "Kidogo tu. Miaka mitano sijamsikia. Wako hafi, wallahi hafi, amesimama tu. Ngoja nimsikie, halafu nitakuonyesha."

"Utanionyesha nini? Ni nini hii?"

Akanieleza mbiombio, kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Kwamba karibu na mpaka Sahara aliishiwa pumzi. Maji hapakuwa, daktari hapakuwa. Yahye akaliweka gitaa juu ya kifua cha mtoto, akapiga uzi huu, chuma hiki, akasema: yeyote anayenisikia, nishikie pumzi ya mtoto wangu.

"Mtu alisikia," Ilwad akasema.

"Mtu gani?"

"Yahye hakuuliza. Wewe ungeuliza?"

"Na mtoto?"

"Tulizika mwili. Pumzi haikuzikwa. Iko humo, inangoja kifua cha mtoto mwingine."

"Kwa hiyo ukaniita na wangu!"

"Mimi nilisema mwanaume!" akalia. "Nilisema mzee, nilisema hana mtoto! Nilitaka iondoke nyumba yangu kwa sababu najijua. Najijua! Wewe ukaniletea mpaka mlangoni."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko uchungu, na hiyo hasira namshukuru Mungu mpaka leo, maana hofu peke yake ingeniacha nimekaa pale kama jiwe. Niliwaza, hii ni sauti. Haijalishi nani ameishika. Ni sauti ya uzi, na uzi mimi naujua. Kuikata kumeifanya ihame. Basi sitaikata. Nitaishusha.

Masikio ya gitaa, vile vishikio vinavyokaza nyuzi kule kichwani, nilikuwa sijayafikia katika ukaguzi wangu. Nikamlaza Kathure pajani, nikanyoosha mkono wangu ulio huru, nikashika sikio la uzi wa tatu.

Nikalegeza.

Sauti ikashuka kidogo. Ikayumba, kama mtu aliyekosa ngazi.

Ilwad akaelewa. Akanirukia, akauma mkono wangu, alama ninayo, njooni niwaonyeshe.

"Abaayo, nakuomba. Wewe ni mama!"

"Ndiyo, ni mama!"

"Basi unajua!"

"Najua. Ndiyo maana sikuachii!"

Nikazungusha. Nikazungusha tena. Sauti ilishuka kama ndoo kisimani, na nyuma ya pazia yule mtoto akaanza kulia. "Hooyo... hooyo..." Sitawadanganya, kilio kile kilikuwa kinanipasua. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha blauzi. Mwili wangu ulitaka kwenda kumbeba. Nikazungusha.

"Hooyo..."

Na hiyo sauti ya mtoto ikaanza kushuka pamoja na uzi.

Ikawa ya msichana mkubwa. Nikazungusha. Ikawa ya mwanamume. Nikazungusha. Ikawa ya mzee, inakwaruza, bado inaita mama. Kisha ikapita mzee. Ikawa chini ya sauti yoyote niliyowahi kusikia kwa mtu au mnyama, inaita polepole, inatikisa meno yangu kinywani...

"Hooooo...yoooo..."

Ilwad alikuwa ameniachia. Alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mikono masikioni.

"Huyo ni Sahara?" nilimpigia kelele. "Sikiliza! Huyo ndiye mtoto wako?"

Midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Uzi ulilegea wote. Ukapiga mbao mara moja, tap, kama kidole, ukalala.

Kimya.

Nje mbuzi akalia. Kathure akavuta pumzi, akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia hadi Modogashe.

Nilimkumbatia nusura nimvunje. Nilimpa ziwa pale pale, akalishika kwa fujo, analia na kunyonya kwa pamoja. Ilwad alikwenda polepole, akavuta lile pazia. Nyuma yake palikuwa na mkeka mdogo na gauni la mtoto lililokunjwa vizuri. Basi. Pazia lilikuwa bado linayumba, na mlango ulikuwa umefungwa, dirisha hakuna.

Sikungoja. Niliuchomoa ule uzi wote kutoka kwenye gitaa, nikauviringa mkononi, nikamwambia, "Huu naenda nao. Na ukimwita mama mwingine hapa, nitarudi na shoka."

"Mimi siuzi tena," akasema. Alikuwa amekaa chini kama mtu aliyepigwa. "Enda nyumbani, abaayo. Enda."

Nilienda mbio. Uzi niliutupa chooni, kwenye choo cha shimo cha nyumba za walimu, na nikatema mate juu yake. Mwenda alinisikiliza kalamu mkononi, akaniambia mtoto alikuwa amelala fofofo, ni hofu tu iliyonipanda kichwani, eti Kasyoka, wewe una Kiswahili cha alama ya juu lakini akili yako inakimbia. Nikamwonyesha alama ya meno. Tangu siku hiyo anasahihisha madaftari chumbani, karibu na kitanda cha mtoto, na anadai ni kwa sababu ya mwanga.

Jumapili nilimwambia Gitau gitaa limepinda shingo, halifai, na hata hivyo mwenyewe haliuzi tena.

"Si nilisema?" akatangaza kwa kwaya. "Tungemtuma mwanaume, shingo isingepinda."

Walicheka. Nikawaacha wacheke. Safu ya mbele palikuwa na watoto wachanga sita mapajani mwa mama zao, niliwahesabu. Cheka, Gitau. Cheka hadi ushibe.

Sasa ningetamani kuishia hapa. Lakini kuna jambo sikumwambia hata Mwenda.

Siku ya nne Ilwad alikuja kwetu. Asubuhi, mwanga mweupe, watoto wa shule wanapita, hakuna cha kutisha. Nilikuwa naanika nepi, Kathure mgongoni, shali kubwa nimejitanda kichwani hadi mabegani kwa sababu ya jua. Alisimama nje ya lango la miiba, hakutaka kuingia. Alikuwa amekonda kwa siku nne kama mtu aliyeugua miezi minne.

"Habari ya mtoto?"

"Mzima. Sema ulichojia."

"Nimeliunguza. Gitaa. Lote." Akanionyesha viganja, vyeusi, vina malengelenge. "Ile iliyoongea mwisho haikuwa Sahara. Wewe ulisema kweli."

"Basi yameisha."

"Lakini ile iliyokohoa kwanza..." Akasogea karibu na miiba. "Kile kikohozi nakijua. Abaayo, pumzi mbili zilikuwa humo. Wewe ulishusha, moja ikaanguka chini. Moja ikarudi kwa mtoto wako. Mimi silali. Najiuliza, ni ipi iliyorudi?"

"Ya mtoto wangu."

"Inshallah." Hakuondoka. Alikuwa anatazama shali langu, pale kwenye bega. "Nakuuliza kitu kimoja, kisha siji tena. Sahara nikimbeba mgongoni alikuwa na tabia. Alikuwa anashika sikio langu, hapa chini, ananivuta polepole, mpaka alale. Wako... anashika sikio?"

Upepo ulipita, nepi zikapiga kwenye kamba.

Kathure hakuwahi kushika sikio la mtu. Miezi minane nimembeba, alikuwa akishika nywele, akishika mkufu, akinyonya kidole. Sikio, kamwe. Mpaka usiku ule nikirudi kutoka Waberi, nikikimbia gizani, niliposikia vidole vidogo vinapapasa shingo yangu, vinapanda, vinatafuta. Kama mtu anayejua anachokitafuta.

"Hapana," nikamwambia Ilwad. "Hashiki."

Alinitazama sana. Ninajua aliujua uongo wangu. Mama hawezi kumdanganya mama mwenzake. Lakini aliinamisha kichwa, akasema asante, akageuka na kwenda zake, jilbabu inaburura mchanga, hakutazama nyuma.

Chini ya shali vile vidole vilikuwa vinanivuta sikio, polepole, polepole, na pumzi iko mgongoni mwangu, moto, baridi.

Nikaendelea kuanika nepi. Kama aliyerudi ni wangu, ni wangu. Na kama ni mwingine, basi naye asikie, na huyo aliyeshika pumzi yake miaka mitano asikie pia: nimeshamnyonyesha. Ataitwa Kathure, jina la mama mkwe wangu, atakwenda shule, na siku vidole hivi vikipata nguvu nitamfundisha besi. Ajaye kumdai ataniona mimi kwanza.